Pengo Kati ya Thaba na Langa

Tumelo Rakgadi alikutwa chini ya ngazi za dharura, shingo imevunjika, tai bado imekaa sawasawa. Aliyemkuta ni Tinashe Mukombe, mhudumu wa chai, saa tatu na robo asubuhi, wakati jengo zima la vioo pale Sandton, Johannesburg, limeinamia kompyuta. Simu ya marehemu ilikuwa ikiita, Tinashe akaiokota huku akipaza sauti kuita watu. Basi, hilo likatosha. Mzimbabwe, damu kwenye mkono wa shati, simu ya mtu mkononi: polisi wa kwanza kufika walimtia pingu kabla hata hawajamfunika maiti.

"Mwizi gani huyu," aliuliza Kapteni Dikeledi Moremi alipofika, "anayeiba simu kisha anakaa papo hapo kuita watu?"

"Ni mkwerekwere, Kapteni," alijibu konstebo, kana kwamba tusi hilo la wageni lilikuwa jibu.

Tinashe angepandishwa kizimbani kesho yake. Mkewe alikuwa tayari ameketi nje ya kituo, mtoto mgongoni. Dikeledi alijua kesi za namna hiyo zinavyokwenda: maskini hufungwa kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Akapanda juu kwa lifti.

Kampuni ile ilitunza pensheni ya wajane wa wachimba migodi ya platinamu. Kazi ya Tumelo ilikuwa kukagua, kabla ya kutia saini, kama hisa walizonunuliwa wajane zinaendana, yaani zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Zisipoendana, moja ikianguka nyingine itashikilia. Zikiendana, siku ya kuanguka hakuna itakayosalia.

Dikeledi alianza na Karabo Sithebe, kijana aliyekitolea macho cheo cha Tumelo na kutamka mbele ya watu kwamba atamwondoa.

"Nilisema nitamwondoa kazini, Kapteni, si duniani," Karabo alilia, suti yake ya bei mbaya imelowa jasho.

Kamera ya lifti ilimwokoa. Tumelo aliagana na mkewe kwenye simu saa tatu kamili, na kuanzia saa hiyo hadi maiti ilipopatikana, Karabo alikuwa amekwama ndani ya lifti na wenzake, akigonga mlango na kumwita mama yake. Dikeledi aliitazama picha hiyo mara mbili, ya pili kwa starehe tu.

Akabaki bosi, Vuyani Masondo. Ofisi yake ilikuwa ghorofa moja juu ya pale Tumelo alipoangukia, na mlango wake wa nyuma ulitokea ngazini. Hakusimama kumpokea mgeni.

"Saa tatu na dakika tano nilikuwa kwenye kiti hiki," alisema, akimgeuzia kompyuta yake. "Nimeuza Thaba, nimenunua Langa. Jina langu hilo hapo."

"Nieleze kama unamweleza mtoto."

"Ndivyo ninavyofanya, mama." Akatabasamu. "Thaba na Langa ni benki mapacha. Zinaendana. Siku zikiachana, aliyebaki nyuma unamnunua, aliyetangulia unamwazima na kumuuza. Pengo likijifunga, unakula faida. Ni kazi ya macho. Wavivu wanaiachia mashine. Mimi natumia mkono, mwaka wa ishirini huu."

"Na leo uliliona pengo?"

"Soko lilipofunguliwa tu. Nikaliona, nikaingia. Mtu hawezi kuwa ngazini na hapa kwa wakati mmoja, au kule polisi mnafundishwa vingine? Kamhoji mkwerekwere wako. Muda wangu ni ghali."

Dikeledi aliondoka na hasira, na hasira haikuwa ushahidi.

Jioni, akila pap, ugali wa kwao, bila hamu, alisikia simu inalia. Ilikuwa stokvel yao, kina mama wa Soweto wanaoweka akiba pamoja. Mma Seipati alikuwa ametuma sauti yake, nzito kama kawaida: "Jamani, gawio la Langa! Waliokuwa na hisa hadi jana ndio watakaolipwa. Na asitokee wa kununua leo, kama mapunguani wa mwaka jana!"

Dikeledi alicheka, maana mapunguani hao ni wao wote. Mwaka jana waliona bei ya Langa imeshuka ghafla, wakainunua kwa vigelegele wakidhani wameokota. Kumbe bei ilishuka kwa sababu gawio lilikuwa limeshatoka, na anayenunua siku hiyo halipati. Mwenye kununua ameramba sahani iliyokwisha kuliwa.

Kicheko kikamkatikia. Akasukuma sahani pembeni.

Asubuhi alimkuta Masondo amesimama katikati ya ukumbi, anawafokea vijana wake. Hakumwita kando.

"Bwana Masondo, jana Langa haikubaki nyuma ya Thaba. Ilitoa gawio. Pengo lile si pengo, wala halijifungi. Nawe ukaliingia."

Vidole viliacha kugonga kompyuta.

"Nakurahisishia," Dikeledi aliendelea kwa upole ambao konstebo wake aliuogopa. "Sema ulikuwa kwenye kiti chako, macho yako yakaona, mkono wako ukakosea. Kukosea si jinai. Sema hivyo, nami naondoka."

Ilikuwa njia nyeupe kabisa. Mjinga yeyote angeipita.

"Bosi," Karabo aliuliza, akijitahidi kuficha meno, "ulinunua Langa siku ya gawio?"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Wa pili akamfuata.

"Funga mdomo!" Masondo aliwaka. "Mimi? Nifanye upuuzi wa mwanagenzi? Ile ni mashine! Ningekuwa kwenye kiti nisingeigusa Langa!"

Mdomo uliponza kichwa. Alilisikia neno lake mwenyewe likipita ukumbini, na uso ukampauka.

"Kwa hiyo hukuwepo," Dikeledi alisema. "Uliiachia mashine amri iuze na kununua kwa jina lako pengo likitokea, upate shahidi. Gawio hukulikumbuka kwa sababu akili yako ilikuwa ngazini. Tumelo alikataa kutia saini, siyo?"

Masondo alitafuta kiti, akaketi. Alipozungumza, aliwaelekea vijana, siyo polisi.

"Alitaka kwenda kuwaambia wajane. Eti hisa zao za mgodi, na malori ya mgodi, na maduka ya mgodini, na benki inayowakopesha wachimbaji, vyote ni kitu kimoja. Platinamu ikianguka, vyote chini. Kwani ilikuwa imeanguka? Zilikuwa zinapanda! Wale bibi wanajua nini? Unawapa chai na picha yenye rangi nzuri, wanapiga makofi."

"Waume zao walikufa ndani ya shimo," Dikeledi alisema, "ukawarudishia pesa yao shimoni humo humo. Aliyetaka kuwaambia ukamsukuma. Nimekamata wezi wa kuku wenye akili kukuzidi, na wenye haya zaidi. Konstebo, pingu. Na ukishamaliza, utakuja nami kituoni kumwomba radhi mtu."

Konstebo aliomba radhi, macho chini. Tinashe alimsikiliza, akafunga kamba za viatu alizorudishiwa, akatoka hadi kwa mkewe, akambeba mtoto. Hakushukuru, na Dikeledi hakutegemea shukrani. Kisha Tinashe akageuka.

"Mama, jana sikumaliza zamu. Bado nina kazi pale?"

Kampuni ilikuwa imeshafungwa lakiri tangu saa nne. Dikeledi, aliyekuwa na jibu kwa kila tajiri wa Sandton, aliwafungulia mlango wa gari lake.