Bibi Aliyerudi na Uyoga

Treni iliwashusha kwenye kituo kidogo kisicho hata na paa, ikaenda zake. Ilikuwa Jumapili ya Septemba, wakati nusu ya Moscow huvaa viatu vya mpira, hubeba vikapu na kukimbilia misituni kutafuta uyoga kabla baridi haijaharibu kila kitu. Wengine huenda kwa raha zao. Agnia alikwenda kwa sababu mama mkwe wake, Zinaida, alimwambia, "Nina maneno na wewe, na sitaki kuyasema mbele ya mtoto."

Mtoto mwenyewe, Ulya, wa miaka mitano, walimwacha kwa Klavdia, jirani wa mlango wa pili. Klavdia hakupendezwa hata kidogo.

"Leo sikukuu ya Msalaba, Zina. Msituni hakuendwi leo. Mwenyewe wa huko anakusanya vilivyo vyake."

"Kusanya midomo yako kwanza," Zinaida alimjibu, akaita lifti.

Ndivyo alivyokuwa. Ulimi wembe, na nyusi za wanja alizojichorea kila asubuhi, moja juu kidogo kuliko nyingine, kama mtu anayedharau dunia nzima. Tangu mwanawe Rodion, mume wa Agnia, aende kaskazini kwenye visima vya mafuta na kunyamaza hukohuko, Agnia alibaki na mama mkwe katika vyumba viwili, wakila meza moja bila kutazamana.

Waliingia msituni. Msitu ulinuka majani mabichi yaliyoanza kuoza. Zinaida alikuwa na mahali pake pa uyoga ambapo hakumwonyesha hata marehemu mumewe, kwa hiyo kila mara aligeuka kuangalia kama hawafuatwi. Walipofika ndani kabisa, akasimama, akaweka kikapu chini.

"Rodion harudi. Amepata mwanamke hukohuko. Nyumba ni yangu, na wewe utaondoka mwezi huu ukiisha. Ulya anabaki."

"Ulya ni mwanangu!"

"Utampeleka wapi? Kazi huna, kwenu huna. Unataka alale kituo cha treni? Anabaki kwa bibi yake, basi. Na usinililie hapa, utaniharibia uyoga."

Kuna sentensi moja ambayo watu wa huko hawamwambii mtu akiwa msituni, hata kwa utani. Nyumbani unaweza kumwambia paka, au birika lililokataa kuchemka. Msituni, hapana. Agnia alilijua hilo tangu utotoni. Lakini moyo ulikuwa unamwaka moto, akaisema.

"Leshi akuchukue!"

Leshi ndiye pepo mwenye msitu, yule ambaye Klavdia alimtaja kwa kuzunguka mbuyu.

Uso wa Zinaida ukapauka.

"Futa kauli," alinong'ona. "Agnia... futa. Upesi."

"Sifuti."

Zinaida akageuza kichwa kama mtu aliyeitwa. Kisha akaondoka haraka haraka, akaingia nyuma ya misonobari, akaacha kikapu chake pale pale.

Ndege wakanyamaza.

Mwanzoni Agnia aliona afadhali. Acha azunguke huko, ulimi wake upate ubaridi. Lakini jua likashuka, ukungu ukaanza kuinuka kwenye mabonde, na yule mama hakurudi. Agnia akaenda kuchukua kikapu cha Zinaida. Hakikuwepo. Akaweka viganja mdomoni, akaita kama waokota uyoga wanavyoitana.

"A-uuu! Mama! A-uuu!"

Kimya.

"A-uuu!"

"A-u."

Jibu lilitoka nyuma ya shingo yake. Halikupigwa kelele. Lilisemwa tu, taratibu, kama salamu.

Zinaida alikuwa amesimama pale na kikapu kimejaa uyoga mweupe, safi, usio na chembe ya udongo, wote wa ukubwa mmoja. Koti lake lilikuwa limefungwa vifungo upande wa kiume. Nyusi hakuwa nazo. Agnia akajiambia ni jasho limefuta wanja. Palinuka... udongo wa chini ya gogo, ule unaokaa na funza.

"Umechoka, mwanangu," alisema Zinaida.

Mwanangu! Tangu aolewe, Agnia hakuwahi kuitwa hivyo.

"Nimefikiri. Kaa na mtoto. Nyumba ni yenu."

Agnia alilia kwa furaha. Tusimfichie, alilia kweli, akamshukuru, akambebea na kikapu.

Walifika kituoni giza linaanza kushika. Taa za treni zikaonekana mbali. Hapo ndipo sauti ilipotoka msituni, imekauka, inapasuka.

"Agnia! We mpumbavu! Huna macho?"

Ilikuwa sauti ya Zinaida, na matusi yalikuwa ya Zinaida.

Yule aliyesimama kando yake akamshika kiwiko. Baridi ya vidole vyake ilipenya hadi kwenye mfupa.

"Upepo huo," alisema kwa upole.

Upepo haukuwepo.

"Agnia! Nichukie mimi, nifukuze mimi... usimpeleke huyo kwa mtoto! Futa kauli! Nakuomba, binti yangu, futa!"

Neno moja tu. Agnia alikuwa nalo mdomoni. Kisha akaona mwisho wa mwezi, akajiona na begi lake kwenye ngazi, na Ulya akilia upande wa pili wa mlango. Treni ikafika. Milango ikafunguka.

Akapanda.

Klavdia alifungua mlango, na Ulya akampita mama yake mbio.

"Bibi!"

Kile kitu kikamwinua. Kikaweka pua kwenye nywele zake, kikavuta pumzi ndefu, ndefu mno. Klavdia alitazama uso ule mara moja, akapiga ishara ya msalaba, akarudi ndani kwake. Ufunguo ukazungushwa mara mbili.

"Nipe mtoto," Agnia alisema.

"Leo atalala na mimi."

"Nafuta kauli! Unasikia? Nimefuta!"

Kikamtazama, kama kwa huruma.

"Hayo husemwa kulekule msituni, mwanangu. Huku mimi ni bibi. Si ulinichagua mwenyewe?"

Agnia akanyoosha mikono kumvuta mwanawe. Ulya akajikunja, akaing'ang'ania ile shingo baridi kwa mikono miwili.

"Niache, mama," alisema. "Wewe nenda."