Kitone Kilichobaki kwa Mzee Nassir

Mto Mkondoa ulikuwa umefurika, na rafiki yangu Filomena alitaka kuvuka kumtafutia mwanawe dawa ya homa. Kishikwambi chake alikuwa amekichomekea kifaa cha GPS cha bei rahisi, alichonunua Mikumi.

"Nikuvushe, mwanangu," alisema Mzee Nassir, mwenye mtumbwi.

"Utanichelewesha, babu. Njia iko humu," Filomena alijibu, akikigusa kishikwambi.

Mzee akakifunga kishikwambi kwa mfuko wa nailoni, kisiloe, akamwachia mtumbwi wake wa pekee na upondo wa kusukumia. Filomena hakusema hata asante.

Ukungu ukatanda. Alifika ng'ambo kwa kubahatisha, na aibu ikamchoma: kwenye kioo, kitone cha kuonyesha alipo yeye kilikuwa bado kule alikomwacha mzee.

"Nisamehe, babu," alinong'ona.

Kitone kikaanza kuvuka. Kilipomfikia, ubavu wa mtumbwi uligongwa mara tatu, kama mzee agongavyo kwa upondo wake akifika.

Lakini upondo alikuwa ameushika Filomena mwenyewe.