Picha Iliyogoma Kufutika

Anayetaka kunibishia na anibishie. Mimi nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu haya, tena kwenye meza yangu mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili mchana, jua la kutosha, nakunja nguo zangu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni fundi wa kompyuta. Alikuja na kompyuta mpakato yake kwa sababu kwake umeme ulikatika. Mume wangu alikuwa kwenye kiwanda cha kusaga chakula cha mifugo. Kiwanda kimefungwa, yeye peke yake, anabadilisha visu vya mashine. Mashine yenyewe inaendeshwa na kompyuta ya huko huko, na shemeji aliingia ndani ya kompyuta hiyo akiwa mezani kwangu. Skrini ya kule tukaiona hapa. Kaka akisema kwenye simu "washa", mdogo anawasha. Akisema "zima", anazima.

"Shemeji, mtandao wenu huu unatambaa," akanicheka.

"Ungekuja na wako unaokimbia, bwana wewe!"

Akaondoa rangi zote ili picha iwe nyepesi, ikabaki kijivu. Bado ilijichora vipande vipande, kona hii, kisha kona ile. Pembeni ilionekana kamera ya chumba cha mashine. Nikamwona mume wangu ameinama, mkono wa kushoto umezama ndani ya mashine iliyozimwa.

Halafu nikamwona tena, kasimama mlangoni. Shati lile lile.

"Shemeji, mbona wawili?"

"Usihofu. Huyo wa mlangoni ni masalia ya picha ya mwanzo, alipokuwa anaingia. Mtandao mzito, haujamfuta bado."

Nikaamini. Mambo ya kompyuta mimi nayajulia wapi? Nikachukua shuka nyingine. Nilipoinua macho, kipande kingine kilikuwa kimejichora. Wa mlangoni alikuwa amesogea.

Mume wangu akanong'ona kwenye simu.

"Mmemtuma nani huku?"

Picha ikaganda. Tukasikia kishindo, mume wangu akaguna kama mtu aliyepigwa tumboni. Vyuma vikaanguka. Mtu akaburutwa. Kisha mashine ikanguruma, na haki ya Mungu, shemeji hakuwa ameigusa.

"Zima! Zima wee!" nikamfokea shemeji.

Akabofya. Skrini kimya. Akabofya tena. Akabofya na kubofya. Kitufe kilikuwa kimoja tu: ukibofya kinazima, ukirudia kinawasha. Kwa woga akasahau. Mibofyo yake yote ilikuwa imekwama njiani, imepanga foleni.

Ikafika kwa mpigo.

Mashine ikazima. Ikawaka. Ikazima. Ikawaka. Kila ilipowaka nilisikia mfupa ukivunjika, na mume wangu akapiga yowe. Yowe la pili likafuata. Sauti ni ile ile. Walikuwa wanalia wote wawili.

Mashine ikazima, haikuwaka tena.

Picha ikajichora taratibu kutoka juu. Dari limerowa. Ukuta umerowa. Katika kijivu kile damu ilikuwa nyeusi tii. Chumbani hamna mtu.

Wapita njia walimwokota mume wangu nje ya geti, anatambaa, mkono wa kushoto hana. Lakini yu hai! Nililia, nikashukuru, nikakesha hospitali kando ya kitanda chake. Alinitazama tu, hakusema neno. Daktari akasema ni mshtuko.

Asubuhi mafundi wakafungua mashine, wakaniita. Walikuwa wamefunika kitu kwa turubai, na hakuna aliyetaka kunitazama usoni. Mikono ilikuwa miwili. Yote ya kushoto, imenyofolewa juu ya kiwiko. Kila mmoja ulikuwa na pete ya ndoa, na ndani ya kila pete limechongwa jina langu.

Nikaenda nyumbani. Mlango wangu ulikuwa umepakwa damu iliyokauka, vidole vitano vya mkono wa kulia, vimeteleza hadi chini kizingitini.

Jirani akatoka mbio, akanishika bega.

"Ulikuwa wapi, mama? Mumeo usiku kabisha hapa mpaka sauti ikamkauka. Analia, 'Mke wangu, nifungulie, nakufa.' Nilipopata ujasiri wa kutoka, hayupo."

Mimi wakati huo nilikuwa hospitali, namlisha supu yule mwingine.