Alama ya Jumapili

Kila siku saa kumi jioni, Pilipili alipotoka shule, alimkuta bibi yake ameshatandika mkeka kando ya cherehani. Bibi alikuwa fundi wa sare za shule, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Tangu magoti yaanze kumuuma, vitambaa vilirundikana kitini bila kushonwa. Mtaalamu wa mazoezi kule kliniki alimwagiza ainue kila mguu mara thelathini kwa siku, na ale maharage, mboga za majani na matunda badala ya mkate mweupe na chai ya sukari nyingi. Kazi ya mjukuu ilikuwa kuhesabu, kupika maharage na kuweka alama kwenye karatasi ya kliniki, kwa sababu bibi hakujua kusoma wala kuandika.

Jina la Pilipili alipewa na wenzake kwa sababu ya hasira zake za karibu. Na saa kumi hasira hizo zilimpanda kwelikweli, maana ndiyo saa ya mpira wa pete, na yeye ndiye aliyekuwa mfungaji wa timu.

"Sita, saba, nane," alihesabu, huku kelele za uwanjani zikimchoma moyo. Kisha akaanza kumung'unya maneno, na alipopaza tena sauti alikuwa ameshafika ishirini na tisa. "Thelathini! Basi."

Bibi, aliyekuwa amefumba macho kwa maumivu, alishusha mguu. "Leo zimekwisha upesi."

"Umeshazoea, bibi."

Maharage nayo hayakuona jiko. Pilipili alileta mkate mweupe, na bibi, aliyeupenda, hakuuliza mengi. Karatasini kila kitu kilipata alama ya vema.

Mwishoni mwa wiki ya sita, siku ya Ijumaa, walikwenda kliniki. Mtaalamu, dada kijana mwenye tepu ya kupimia shingoni, alipima goti akakunja uso. "Bado limevimba. Na karatasi inasema hukuacha hata siku moja."

Bibi aliwaka. "Wiki sita nalala chini nainua miguu kama mende aliyepinduka, halafu unaniambia bado? Mazoezi yenu upuuzi mtupu! Kesho shangazi yake huyu mjukuu wangu aje aichukue cherehani. Mimi nitakaa nitazame ukuta."

Pilipili hakuwahi kumwona bibi bila cherehani.

Mtaalamu alikuwa bado anaikagua karatasi. "Bibi, leo ni Ijumaa. Mbona Jumamosi na Jumapili zimeshawekwa alama?"

"Unaniita mwongo? Mimi kalamu hata siijui inashikwaje!"

Pilipili angeweza kusema amekosea mstari. Aliikasirikia karatasi, akamkasirikia mtaalamu na macho yake makali, akaukasirikia na mpira wa pete. Mwisho akabaki na mtu mmoja tu wa kumkasirikia.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa naruka hesabu. Na maharage sikupika."

"Wiki sita!" bibi alifoka. "Nikikosea kipimo cha sare ya mtoto wa watu, nafumua nashona upya. Wiki zangu utazifumuaje, wewe?"

"Na mimi nilikuwa karibu kuandika kwamba mazoezi hayamsaidii," mtaalamu alisema kwa ukali. "Alama zako zingemwachisha tiba. Sikiliza. Tumboni mna bakteria wengi, na wengine ni wema. Wakipata nyuzinyuzi za maharage na mboga, hutengeneza vitu vinavyosaidia kupunguza uvimbe. Mwili nao una kemikali zake za kutuliza maumivu, zinaitwa endokanabinoidi. Watafiti waliwafuatilia watu wenye magoti kama haya. Waliofanya mazoezi kila siku kwa wiki sita walipata nafuu ya maumivu, bakteria wema wakaongezeka, na kemikali hizo zikapanda. Bakteria hawasomi karatasi, mtoto. Wanajua kilichoingia tumboni."

Wakaanza upya. Sasa bibi hakumwachia hesabu. Alihesabu mwenyewe, kwa sauti iliyofika kwa majirani, na mjukuu akalala mkekani kando yake akiinua miguu naye, sufuria ya maharage ikichemka. Pilipili alifika uwanjani wenzake wakiwa nusu ya mchezo, na nafasi yake ya ufungaji ikaenda kwa mwingine. Alilia kwa hasira, lakini kesho yake saa kumi alikuwa mkekani.

Wiki ya sita, akiwa bado njiani kutoka shule, alisikia mlio wa cherehani. Alikimbia hadi mlangoni. Bibi alikuwa anakanyaga polepole, kola ya sare ikipita chini ya sindano.

"Goti bado linauma," bibi alisema, "ila sasa linanitii. Njoo hapa. Kukasirika si kosa. Ungeniambia, 'Bibi, nataka kucheza,' tungehesabu asubuhi kabla hujaenda shule. Wewe ukachagua kunidanganya. Mimi nilidanganyika, mtaalamu naye akadanganyika, lakini goti halikudanganyika hata siku moja."

Akamsogezea kalamu na karatasi.

"Haya, tukimaliza kuhesabu, weka alama. Ya leo tu."