Meno ya Oyet na Jicho la Jirani

Katika kambi ya polisi upande wa Kibuli, wanawake hufua kwenye bomba moja. Kwa mtu mwenye wivu, hapo ni pabaya. Kila kitu huonekana: gauni la nani ni jipya, mtoto wa nani amenenepa.

Aryemo, mke wa askari Ochan, alikuwa na wivu. Ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alimwonea wivu Pélagie, Mkongo muuza vitenge aliyepanga chumba nyuma ya kambi. Watoto wao walizaliwa wiki moja, na sasa walikuwa na mwaka na nusu. Exaucée, binti wa Pélagie, alicheka na kila mtu, meno meupe pee. Siku moja Ochan alisema, "Kale katoto kakicheka, uchovu wa doria unaniisha." Jioni ile Aryemo alimpa ugali bila mchuzi.

Yeye Aryemo alimnyima nini mwanawe Oyet? Pélagie alinyonyesha sokoni mbele ya watu na kumlisha binti yake maharage yaliyopondwa. Oyet alikuwa na chupa ya kunyonyea, ya buluu, imejaa chai ya maziwa na vijiko vinne vya sukari. Alishinda nayo, akalala nayo. Aryemo alipopita bombani aliitikisa ili ionekane.

Kisha meno ya juu ya Oyet yakawa ya kahawia, yakaanza kumeguka. Akipewa ndizi ya kupikwa, analia.

"Ni jicho baya la yule Mkongo," Aryemo alimwambia mumewe.

Tangu hapo, Pélagie akipita, Aryemo humziba mtoto mdomo kwa kiganja.

"Mama Oyet, utamnyima mutoto pumzi!" Pélagie alisema siku moja bombani.

"Peleka macho yako kwako!"

"Macho yangu? Weye ndiye unahesabu mpaka nguo zangu za ndani kwenye kamba!"

Wanawake wakaangua kicheko. Uso wa Aryemo ukawaka moto, maana ilikuwa kweli.

Nabalayo, muuguzi wa kliniki ya meno, akatua ndoo yake. Alinawa mikono, akainua mdomo wa juu wa Oyet taratibu.

"Ya juu yameoza. Ya chini je? Tazama mwenyewe."

Aryemo akatazama. Ya chini yalikuwa meupe.

"Sasa niambie, nyabo, ni jicho gani hilo linaloona meno ya juu tu?"

Aryemo akayatazama tena ya juu, kisha ya chini. Nabalayo akauliza:

"Analala na chupa?"

"Asipolala nayo analia."

"Basi ndiyo hiyo. Akilala, mate hupungua na chai tamu hubaki kwenye meno. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi inayoozesha jino. Ya chini yamefunikwa na ulimi."

"Lakini si meno ya utotoni? Yatang'oka tu."

"Yanashika nafasi ya meno makubwa. Yakiondoka mapema, yajayo yanaweza kuota yamepinda. Na leo mtoto ashindwe kula? Mlete kesho atibiwe."

Kisha akawageukia wote. "Miezi sita ya kwanza, maziwa ya mama peke yake. Baadaye chakula laini, huku akinyonya hadi miaka miwili au zaidi. Kinywaji kiwe kwenye kikombe, bila sukari. Jino la kwanza likitoka, anza kulisafisha asubuhi na kabla ya kulala, kwa brashi laini na dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele."

Karibu yote hayo Pélagie alikuwa akiyafanya. Hilo ndilo lililomuuma Aryemo zaidi.

Kesho yake jino moja la Oyet liling'olewa, mengine yakazibwa. Chupa ikatupwa. Mtoto akalia siku tatu. Siku ya tatu Aryemo alitaka kununua chupa nyingine. Mara akamwona Exaucée mlangoni kwao, anakunywa maji kwa kikombe. "Nishindwe na Pélagie?" akajiuliza. "Sishindwi!" Siku ya nne Oyet alikishika kikombe mwenyewe.

Miezi ikapita. Magego ya nyuma yakatoka, meupe. Siku moja bombani Pélagie alipokaribia, Aryemo hakumziba mtoto mdomo. Aliufungua.

"Njoo utazame, mama Exaucée. Tazama mpaka uchoke."

Pélagie akainama. "Eh! Yanapita ya binti yangu!"

"Kidogo tu," alisema Aryemo, akasogeza beseni lake ampe nafasi.