Gauni la Mdogo Wangu Lilikuwa Linapungua

"Dada... fungua... sipumui!"

Mdogo wangu akaanguka puu mbele ya kioo, gauni la harusi limembana kifuani. Nikachana zipu kwa mikono. Jamani, mbavu zile!

Hospitali, daktari hakuzunguka. "Moyo umechoka kwa njaa. Akiendelea hivi, hafiki harusini."

Mimi ni mpelelezi wa polisi, na siku hiyo nilikuwa nimetoka zamu, hoi. Lakini hili likanikereketa. Mtu anakonda kila wiki, gauni linazidi kumbana... inawezekanaje?

Nikamvaa fundi aliyelishona.

"Unalipunguza kwa siri?"

"Wee! Tangu niwakabidhi sijaligusa. Ligeuze uone!"

Nikaligeuza. Mshono wake wa cherehani huo hapo. Ndani yake, mishono mitatu ya mkono, kila mmoja umekula kitambaa kidogo!

Mshono ule naujua. Mama ndiye aliyetufundisha. Na gauni lilikaa kabatini kwa mama, ambaye kutwa wimbo wake ni mmoja: "Bibi harusi lazima awe na kiuno!"

Nilitamani kesi hii apewe mtu mwingine.

"Mama, unamuua mwanao?"

Mama akanitazama mpaka nikaona aibu.

"Kwa macho haya? Siku hizi hata uzi natungiwa na mdogo wako."

Tukatazamana. Wote wawili tukaelewa...

Nikarudi hospitali. Nikakaa kitandani kwake.

"Ni wewe?"

Akageukia ukutani.

"Kila likinitosha, nalibana. Siku likinitosha likiwa dogo kabisa, nitaanza kula, dada."

"Lakini umeshakwisha, mdogo wangu!"

"Bado kidogo tu."

"Basi mishono yako nimeifumua yote."

Akanishika mkono, machozi yanamtiririka.

"Sasa nitajuaje kama nimefika?"

Ndugu zangu, nimehoji wezi, nimehoji wauaji. Kwa swali lile, nilimkumbatia tu.

Harusi tumeisogeza mbele. Mama ameacha habari za kiuno, anapika tu na kulia.

Ukimsikia mtu wako analalamika nguo inambana, usikimbilie kumpongeza wala kumtania. Muulize amekula nini leo. Halafu kaa naye mpaka ale.

Jana kamaliza nusu bakuli la supu. Nikatoka koridoni, nikalia mpaka nesi akaniuliza nimefiwa na nani.