Shanga Mia kwa Dakika Tano

Kila Jumatano baada ya masomo, klabu yetu ya sayansi hukutana maabara. Tuko kumi na wawili, na kiongozi ni mimi. Wenzangu huniita Kiherehere, wala sikatai. Kutulia mahali pamoja kunanishinda.

Jumatano hiyo ndiyo kabisa, roho ilikuwa juujuu. Mwalimu wa sayansi alitaka tuigize seli ya mwili. Sisi tulikuwa vimeng'enya, wale wafanyakazi wadogo wanaogeuza chakula kuwa nguvu, kila kimoja na kazi yake. Chakula chenyewe kilikuwa shanga. Kundi la kwanza lichague nyekundu, la pili litie kila moja uzi wake, la tatu lifunge fundo. Tukifikisha shanga mia kwa dakika tano, tunakwenda kwenye maonyesho. Tukishindwa, inakwenda klabu ya kilimo.

Niliweka wanne kuchagua, wanne uzi, watatu fundo. Mimi nikawa mbio huku na huko. "Haraka jamani! Haraka!"

Filimbi ikalia. Hamsini na tatu tu! Machozi yakanilengalenga.

"Watu wa fundo wavivu!" nikafoka.

"Mvivu nani?" aling'aka pacha wangu, aliyekuwa kundi la fundo, akinionyesha vidole vyake vyekundu. "Huoni rundo hili linalosubiri fundo? Wachaguzi wako wamemaliza zamani, wanapiga soga!"

Mwalimu akaingilia. "Vimeng'enya hutengenezwa kwa protini, na seli haina protini ya kuchezea. Ikiongeza vimeng'enya hapa, itapunguza pale. Je, ulipima kila kazi inachukua muda gani?"

Sikuwa nimepima. Tukapima: kuchagua sekunde tano, uzi kumi, fundo kumi na tano. Nikapiga hesabu ubaoni: wawili, wanne, sita. Nikawapanga upya, tukarudia. Themanini na nane.

"Fundo tuko watano," akasema pacha wangu. "Wa sita yuko wapi?"

Wote wakanigeukia. Aibu iliyonishika!

"Lakini mimi ni msimamizi..."

"Unasimamia nini, wewe? Kaa hapa, shika uzi!"

Nikakaa. Tukaanza tena. Vidole viliniuma, ulimi uliniwasha kwa hamu ya kufoka, nikaendelea kufunga fundo. Filimbi ilipolia, tulihesabu mara mbili. Mia moja na tatu! Tulirukaruka mpaka viti vikaanguka.

"Seli hupeleka nguvu zake pale kazi inapokwama," mwalimu alisema akicheka. "Haiweki hata kimeng'enya kimoja cha kupiga kelele tu. Kiongozi mzuri naye hukaa kwenye kazi ngumu, akafanya."